Karatasi ya Tatu

Jumamosi ya mwisho wa mwezi Bilha hakukaa sokoni hadi jioni. Saa nane ilipofika alifunika karoti zake kwa gunia. Akamwomba Jerono, jirani yake wa meza, amuuzie zilizobaki.

"Wewe nenda tu," Jerono alimtania. "Leo hata ukiulizwa bei ya karoti utasema Bungoma."

Bilha alicheka. Hakukana. Mume wake, Waithaka, alikuwa anakuja nyumbani kutoka Bungoma.

Waithaka alikuwa fundi wa mabati. Alitengeneza majiko, karai na ndoo za kukamulia maziwa. Zamani alifanyia kazi hapa Kitale, pamoja na mafundi wengine kumi na wawili. Walikuwa katika kiwanja cha mtu, karibu na soko. Mwaka wa 1998 mwenye kiwanja alikitaka ili ajenge nyumba. Kilikuwa chake, na hakuna aliyemlaumu. Mafundi wakatawanyika. Waithaka alipata nafasi katika kibanda cha fundi mwenzake huko Bungoma. Alisema atakaa miezi mitatu.

Sasa ulikuwa mwaka wa 2002.

Beth, binti yao, alikuwa amepoteza meno ya utoto na kuota mengine. Baba yake hakuona hata moja likitoka. Bilha naye alikuwa amezoea kupika ugali mdogo. Nitasema wazi, maana watu wengi huona haya kusema: Bilha alikuwa na hamu na mume wake. Alikuwa na hamu naye kila siku, na zaidi mvua ikinyesha. Watu walimwambia ashukuru kwa sababu mume ana kazi. Alishukuru. Lakini shukrani haikai nawe mezani ukila.

Jumamosi hiyo Waithaka alifika, akanawa, akala mukimo wote wa viazi na mahindi uliokuwa kwenye sahani. Kisha akasafisha koo.

"Mama Beth, kuna kitu nimeamua. Wiki ijayo nitaenda kuhamisha kura. Nataka niandikishwe Bungoma."

Bilha aliweka kikombe chini. "Kwa nini?"

"Uchaguzi ni mwisho wa mwaka huu. Mimi nalala Bungoma, nafanya kazi Bungoma. Kura ya Kitale itanisaidia na nini?"

"Kwa hivyo umehama."

"Sijahama. Ni kura tu."

"Si kura tu, Baba Beth. Mtu hupiga kura mahali anataka kukaa."

Waithaka alitazama mikono yake, ambayo ilikuwa na makovu ya mabati. "Kitale haina mahali pangu," alisema polepole. "Ningepata hata futi kumi za kugongea bati, si ningekuwa nimerudi kitambo?"

Bilha alitaka kusema maneno mengi. Alisema machache. "Ngoja mwezi mmoja. Usihamishe bado."

"Ningoje nini?"

Bilha hakujua. Jumapili Waithaka aliporudi Bungoma, Bilha alikuwa bado hajui.

Jumanne alasiri Bilha alienda darasani. Lilikuwa darasa la watu wazima, lile ambalo watu huliita ngumbaru. Walikutana katika ukumbi wa kanisa. Mwalimu wao aliitwa Nasimiyu, mama mpole kutoka Kimilili. Alikuwa na subira. Mtu angeweza kusoma neno moja vibaya mara tano, na mara ya sita Nasimiyu angemwambia, "Sasa umekaribia."

Siku hiyo aliandika ubaoni: UCHAGUZI.

"Wale walipiga kura mwaka wa tisini na saba," aliuliza, "mlipewa karatasi ngapi?"

"Tatu," darasa lilijibu.

"Za nani?"

Bilha aliinua mkono. Hili alilijua vizuri. "Ya kwanza ni ya rais. Ya pili ni ya mbunge. Ya tatu ni ya meya."

Wanawake wengi walitikisa kichwa kukubali. Nasimiyu aliweka chaki chini.

"Hapana, Mama Beth. Hakuna karatasi ya meya. Ya tatu ni ya diwani, yaani kaunsela."

"Na meya huchaguliwa na nani?" aliuliza Jerono.

"Mji umegawanywa kwa wadi. Kila wadi huchagua kaunsela wake. Wakishachaguliwa, wanakaa pamoja katika baraza la mji. Hapo wanachagua mmoja wao awe meya. Sisi hatuitwi kwa huo mkutano. Ukitaka sauti yako ifike kwa meya, itapitia kwa kaunsela wako. Haina njia nyingine."

"Si mngetuambia mapema, bana," alisema Jerono.

Bilha alikuwa anakumbuka siku ile ya kura. Sokoni watu wote walikuwa wakisema kwamba mzee fulani, mwenye heshima zake, ndiye atakuwa meya. Bilha alimpenda mzee huyo. Alipopewa karatasi ya tatu alitafuta alama ya mzee, akaikosa. Hangeweza kuiona, kwa sababu mzee aligombea udiwani katika wadi nyingine. Bilha akaona kwamba hana mtu. Akaikunja karatasi vizuri na kuitumbukiza sandukuni.

"Mwalimu," aliuliza, "karatasi ikiwekwa kwa sanduku bila alama, huwa inaendea nani?"

"Haiendei mtu. Imeharibika."

"Basi yangu iliharibika," Bilha alisema. Akaeleza yote.

Alidhani watamcheka. Badala yake Jerono akasema, "Hata mimi." Mama mwingine akasema hivyo hivyo, na mwingine. Walipohesabiana walikuwa watano.

Sasa wakatazamana, kwa sababu kila mtu wa wadi yao alijua hesabu moja. Mwaka wa 1997, mama mmoja aliyeitwa Jepkosgei aligombea udiwani akashindwa na Bwana Munene kwa kura nne. Watu walimpa jina la utani, Mama Nne. Na Jepkosgei ndiye peke yake aliyezunguka akisema mafundi watafutiwe kiwanja cha kudumu.

"Kura nne," Bilha alisema. "Na sisi ni watano."

"Hatujui mngempa nani," Nasimiyu alisema. "Labda yeye, labda Munene. Hatutajua kamwe, na hapo ndipo ubaya ulipo."

"Mwalimu, kwani kaunsela angeweza kunirudishia mume wangu?"

Darasa likaangua kicheko. Nasimiyu hakucheka.

"Mume, hapana. Kiwanja, pengine. Soko, taa za barabara, takataka, ardhi ya baraza, hizo ni kazi za baraza la mji. Kaunsela analeta hoja. Wenzake wanakubali ama wanakataa. Peke yake hawezi. Lakini hoja isipoletwa, itakubaliwa na nani?"

"Sasa nimpigie nani?"

"Hiyo sitakuambia. Na ukitoka hapa useme mwalimu alikutuma kwa fulani, nitakukana mbele ya watu. Nenda uwaulize wenyewe. Mtu akitaka kura yako hawezi kukosa dakika tano."

Bilha alienda. Alianza kwa Bwana Munene, kwenye duka lake la misumari na saruji. Munene alikuwa mtu mchangamfu. Watu wake, kama watu wa Bilha, walitoka sehemu za kati za nchi kuja huku Trans-Nzoia.

"Mama Beth, wewe ni wetu," Munene alisema. "Mtu wetu kweli anaulizwa maswali?"

"Nauliza tu. Mafundi utawapeleka wapi?"

"Hayo tutayaangalia tukishaingia."

"Si uliingia miaka mitano iliyopita?"

Munene alicheka, akamhudumia mteja mwingine. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwa amezoea kuulizwa, basi.

Jepkosgei alikuwa nyumbani akimimina maziwa kwenye mitungi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Siwezi kukuahidi kiwanja," alisema. "Kiwanja si changu. Lakini nyuma ya soko kuna ardhi ya baraza ambayo haijajengwa. Nikichaguliwa nitaleta hoja. Wakikataa nitaileta tena. Na nyinyi mtaniandikia barua, mtie sahihi. Maneno ya mtu mmoja ni mepesi."

Bilha alirudi nyumbani akiwa na mawazo. Hakuwa ameahidiwa kitu. Lakini mtu alikuwa amemjibu.

Alhamisi alifunga meza, akamwacha Beth kwa Jerono, akasafiri hadi Bungoma. Kwa miaka minne alikuwa amefika huko mara moja tu, wiki ile Waithaka alipohamia. Alimkuta Waithaka kibandani, amechuchumaa, akikunja mdomo wa karai. Mwenye kibanda, Jairus, alimwona kwanza.

"Shemeji, karibu. Fundi, inuka, bibi yako amekuja. Ama ni ndoto?"

Waithaka alisimama. Alionekana kama mtu aliyeshikwa akifanya jambo la aibu, na hali alikuwa anafanya kazi tu. Akampeleka chumbani kwake, hapo nyuma. Kulikuwa na kitanda kimoja, sahani moja na kikombe kimoja. Lakini kulikuwa na vigoda viwili vya bati. Kimoja kilikuwa kimechakaa. Cha pili kiling'aa. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kukikalia.

"Hiki ni cha nani?"

"Ni chako," Waithaka alisema. "Nilikitengeneza mwaka ule wa kwanza. Nilisema ukija tena utakaa."

Bilha alikikalia. Alikuwa amefikiri kwamba ni yeye peke yake anayeteseka, na kwamba mumewe amezoea. Kumbe mwenzake alikuwa akila peke yake kila siku karibu na kigoda hicho.

"Baba Beth, mimi ndiye nilikufukuza Kitale," alisema hatimaye. Akamweleza habari ya karatasi ya tatu. Akaeleza kura nne, na wanawake watano. Alieleza akiwa ameinamisha kichwa. Alipomaliza alingoja kugombezwa.

Waithaka alijikuna shingo. "Mama Beth, mimi pia."

"Wewe pia nini? Wewe unajua kusoma."

"Nilisoma. Munene alikuwa mtu wetu. Jepkosgei alikuwa na maneno ya maana. Nikaona nisimuudhi yeyote. Nikaweka alama kwa wote wawili."

Bilha alimtazama. "Wote wawili?"

"Nilidhani watagawana."

Bilha alianza kucheka. Waithaka naye akaanza. Walicheka mpaka Jairus akaacha kugonga mabati na kuchungulia.

"Nini? Mumeniacha nje ya utamu?"

Walipomweleza, alitikisa kichwa. "Ukiweka alama mbili kwa karatasi moja, hiyo imekufa. Hata mimi najua. Sasa fundi, kura unahamisha ama huhamishi? Ukienda Kitale mimi nitabaki hapa peke yangu, na sitafurahi. Lakini mtu na bibi yake ni mtu na bibi yake."

"Sihamishi," Waithaka alisema. Hakumtazama Jairus. Alimtazama Bilha.

Miezi ilipita. Krismasi ilifika, na Waithaka akaja nyumbani. Uchaguzi ulikuwa tarehe 27 Desemba. Tarehe 26 asubuhi Bilha alimwambia atoe kadi yake ya kura na kitambulisho, waviweke pamoja juu ya kabati. Nasimiyu alikuwa amewafundisha: ukikosa kimoja kati ya hivyo viwili, utarudi nyumbani bila kupiga kura.

Waithaka alitoa kitambulisho. Akapapasa mifuko yote. Kadi ilikuwa Bungoma, chini ya godoro.

Hakuna aliyegomba. Waithaka alivaa koti akaondoka. Alifika Bungoma jioni na kulala huko.

Siku ya uchaguzi Bilha alikuwa kwenye foleni ya shule ya msingi mapema. Alipewa karatasi ya rais, akaweka alama. Akapewa ya mbunge, akaweka alama. Kisha akaikunjua ya tatu. Safari hii hakutafuta picha peke yake. Alisoma majina, herufi kwa herufi, midomo ikicheza. Akaweka alama moja. Kwa nani? Kura ni siri, na hata mimi ninayesimulia sikuchungulia.

Alitumbukiza kila karatasi katika sanduku lake. Akapakwa wino kidoleni. Kisha akaenda kusimama langoni, akitazama barabara.

Saa sita ikafika. Saa nane. Siku hiyo magari yalikuwa machache, maana madereva pia walikuwa wakipiga kura. Jerono alimletea chai. Bilha alikuwa amemngoja Waithaka miaka minne, lakini siku hiyo ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote. Kila mtu aliyetokea mbali alikuwa na mabega ya Waithaka. Akikaribia anakuwa mtu mwingine.

"Usilie," Jerono alisema. "Ni kura moja."

"Mara ya mwisho zilikuwa nne," Bilha alijibu.

Foleni ilikuwa imebaki fupi wakati trekta ilipopita ikivuta tela tupu. Mtu aliruka kutoka kwenye tela. Alikuwa mweupe kwa vumbi, hata kope. Gari lilikuwa limemfikisha Kiminini tu. Kutoka hapo alikuwa ametembea, mpaka mwenye trekta akamhurumia.

"Wamefunga?" aliuliza.

"Bado. Ukiwa kwa foleni kabla hawajafunga, wanakungoja. Kimbia."

Alikimbia. Bilha alisimama palepale mpaka alipomwona anatoka, kidole chake kikiwa na wino.

"Umeweka alama ngapi kwa ya tatu?" alimuuliza.

"Moja, mwalimu," Waithaka alisema.

Kura zilihesabiwa hapo shuleni. Jepkosgei alishinda kwa kura kumi na moja. Miongoni mwa karatasi zote za diwani, zilizoharibika zilikuwa mbili tu. Nasimiyu aliposikia idadi hiyo alifurahi kuliko alivyofurahi kusikia jina la mshindi. Bwana Munene alimpa Jepkosgei mkono, akarudi kwenye misumari yake. Baada ya siku chache madiwani walikutana na kuchagua meya, kama Nasimiyu alivyosema.

Laiti ningeweza kukuambia kwamba Waithaka alirudi mwezi huo. Hakurudi. Jepkosgei alileta hoja, na baraza likasema lingoje, kwa kuwa ardhi hiyo ilitakiwa pia kwa maegesho ya magari. Hilo nalo lilikuwa hitaji la watu. Jepkosgei akaja sokoni akawaambia ukweli huo bila kuuficha. Akaomba ile barua.

Darasa la ngumbaru liliiandika. Iliwachukua Jumanne tatu. Walieleza mafundi ni wangapi, wametawanyika wapi, na kwamba magari na mafundi wanaweza kugawana ardhi hiyo. Mwishoni watu sitini walitia sahihi. Wengine walitia kidole gumba. Bilha aliandika jina lake lote, Bilha Waithera Waithaka, na herufi za mwisho zikatoka nje ya mstari.

Mara ya pili baraza lilisema litachunguza. Mara ya tatu, katikati ya mwaka wa 2004, hoja ilipita. Nusu ya ardhi ikawa ya magari, nusu ikawa ya mafundi. Mafundi wanane kati ya wale kumi na watatu walirudi. Wengine walikuwa wameshazoea walikokwenda, na mmoja alikuwa amefariki huko Eldoret akiwa bado anangoja habari.

Waithaka alirudi Jumamosi mchana, akiwa na nyundo zake, godoro na vigoda viwili. Beth alikuwa sasa msichana mrefu. Alimpokea mzigo na kumwita "mzee," kwa heshima, kama mtu anavyomwita mgeni. Waithaka akamjibu vizuri. Miaka sita hairudishwi na hoja ya baraza. Nalo hilo liliwauma wote wawili, yeye na Bilha, na hawakuambiana.

Jumatatu Waithaka aliamka kwenda kwenye kiwanja kipya. Bilha hakuenda sokoni siku hiyo. Alikuwa akikoroga uji aliposikia mlango ukifunguliwa. Bila kugeuka, akauliza swali ambalo ulimi wake ulikuwa umezoea, kila Waithaka alipoondoka, kwa miaka sita.

"Utarudi lini?"

Waithaka alisimama kizingitini. Alikawia kujibu, kama mtu anayetaka kusema jambo hilo vizuri kwa mara ya kwanza.

"Saa saba," alisema. "Nije nile."

Bilha aliendelea kukoroga, ingawa uji ulikuwa umeiva. Kisha akashusha unga wa ugali kutoka juu ya kabati, akapima wa watu watatu.